Kura kwa mhamiaji: njia nne zilizojaribiwa, na ninayoichagua kwa Afrika Mashariki

Mwanafunzi wa Kitanzania akifika Leicester kwa viza ya masomo, anaweza kujiandikisha kupiga kura punde tu anapopata makazi. Uchaguzi wa bunge la Uingereza ukiitishwa muhula huohuo, atamchagua mbunge wa pale sawa na Mwingereza. Jirani yake Mkongo alikuja kama mkimbizi miaka 10 iliyopita. Anafanya kazi, anakatwa kodi kila mwezi, watoto wake wanasoma shule ya mtaa huo. Yeye hapigi kura ya mbunge wala ya diwani. Hakuna anayemshuku kwa lolote. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola na Kongo haimo, basi.

Huku kwetu, Mkenya aliyehamia Arusha akiwa kijana, akaoa, akajenga na kuzeekea hapo, hana kura hata ya mwenyekiti wa mtaa. Mtanzania aliyezeekea Mombasa yuko vilevile. Tangu Julai 2010 tuna Itifaki ya Soko la Pamoja inayowaruhusu watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvuka mipaka kwenda kufanya kazi, kufungua biashara na kuishi. Katika kuishi kwao humo, suala la kura halikuguswa.

Naamini litatufikia, na likifika tutaambiwa tuige nchi fulani. Ndiyo maana nimeziweka njia hizo pembeni kwa pembeni, nione kila moja ilizaliwaje, inamfikia nani na inamwacha nani. Msimamo wangu nautoa mapema: tuanze na kura za serikali za mitaa, kwa kila aliyekaa kihalali kwa muda unaojulikana, bila kuuliza katoka nchi gani. Na tusihangaike sana na idadi ya miaka. Kinachoamua nani hasa atapiga kura ni utaratibu wa kujiandikisha.

Kila nchi na sababu yake

Ukizisikiliza hotuba, sababu ni moja: anayelipa kodi awe na usemi juu ya matumizi yake. Ni sababu nzuri. Lakini ukifuata historia unakuta kila nchi ilikuwa na lake.

Uswidi ya miaka ya 1970 ilikuwa na viwanda vilivyojaa Wafini, Wayugoslavia na Wagiriki, watu waliodhaniwa kwamba wengi wangerudi kwao. Hawakurudi. Bunge likaona ni heri waingie kwenye siasa za halmashauri kuliko nchi kuwa na tabaka zima la wafanyakazi wasio na sauti. Sheria ikapita 1975, na mwaka uliofuata wakapiga kura.

Korea Kusini ilikuwa inawaza watu wake walio nje. Kuna Wakorea wengi waliozaliwa na kukulia Japani ambao hawana kura yoyote huko. Sheria ya Seoul ya 2005, inayowapa kura za mitaa wageni wenye ukaazi wa kudumu waliotimiza miaka 3 tangu waupate, iliipa serikali uso wa kuiambia Tokyo: wa kwenu tumewapa, nanyi wapeni wa kwetu. Mahakama ya Juu ya Japani ilikwishasema mwaka 1995 kwamba katiba haizuii bunge kutunga sheria kama hiyo. Japani haijaitunga hadi leo.

Marekani nayo iliwahi kutoa kura kwa wasio raia kwa sababu ilihitaji watu. Wisconsin ilipokuwa jimbo mwaka 1848, ilimruhusu kupiga kura mwanamume Mzungu mgeni aliyekwishatangaza nia ya kuwa raia. Kulikuwa na ardhi ya kulimwa na miji ya kujengwa. Majimbo mengine yakafuata. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza chuki dhidi ya wageni ilipanda, na Arkansas ikawa ya mwisho kufunga mlango huo, mwaka 1926.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya ndugu zetu walioko huko, hasa Wakongo na Warundi waliopelekwa kama wakimbizi. Tangu 1996 sheria ya Marekani inafanya kuwa kosa la jinai kwa asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Kadi ya ukaazi wa kudumu haikupi kura hiyo. Ipo miji michache inayoruhusu wasio raia wapige kura za mji au za bodi ya shule: Takoma Park kule Maryland tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, San Francisco kwa wazazi kuchagua bodi ya shule, Winooski na Montpelier kule Vermont. New York ilipitisha sheria yake mwaka 2021, ikapigwa chini mahakamani hadi ngazi ya mwisho ya jimbo mwaka 2025. Mtu akikuletea fomu ya kujiandikisha dukani au kwenye ofisi ya leseni za udereva, isome hadi pale inapouliza kama wewe ni raia, na kama si raia, usiitie saini. Kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia njia ya uraia, hata kama ulidhani unafanya jambo jema.

Njia ya kwanza: kura zote kwa mkazi

New Zealand ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Tangu 1975, mtu mwenye ukaazi wa kudumu ambaye amewahi kuishi nchini mwaka mmoja mfululizo anapiga kura ya bunge. Uraia wenyewe unataka miaka 5. Kujiandikisha si hiari. Ni wajibu wa kila mwenye sifa, awe raia au asiwe. Kilichobaki kwa raia peke yao ni kugombea. Kabla ya hapo haki hiyo ilikuwa ya waliohesabiwa kuwa watu wa dola ya Uingereza, kwa hiyo Mwingereza aliyehamia juzi alikuwa nayo na mhamiaji wa kwingine hakuwa nayo. Walipoamua kuondoa ubaguzi huo, wale waliokuwa na kura waliachiwa, na wasiokuwa nayo wakaongezwa.

Jambo moja husahaulika New Zealand inaposifiwa. Ni nchi ya visiwa, na kwa kawaida hapati ukaazi mtu ila amepita mchujo, kama wa ujuzi, afya au rekodi ya polisi. Mchujo umekwishafanyika kwenye viza, kwa hiyo kwenye kura wanaweza kulegeza. Nchi yenye mipaka kama ya Busia, Namanga au Manyovu, ambako ndugu wanaoana na kuzikana pande zote mbili, haiwezi kulinakili jambo hilo kama lilivyo.

Chile inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Katiba yake ya 1980, iliyotungwa chini ya mtawala wa kijeshi Pinochet, iliweka kwamba mgeni aliyekaa zaidi ya miaka 5 anaweza kupiga kura zote, hata ya rais. Kwa miongo mingi hakuna aliyejali, maana wageni walikuwa wachache. Kisha yakatokea mambo mawili. Tangu 2012 Chile yenyewe inaandikisha wapiga kura, bila mtu kwenda kupanga foleni popote. Serikali inachukua majina kutoka kwenye kumbukumbu zake na kuyaingiza daftarini. Na katika miaka iliyofuata wakaja Wavenezuela kwa wingi wakiikimbia hali ya kwao. Kufikia uchaguzi wa 2025 wageni wenye haki ya kupiga kura walikuwa zaidi ya 800,000.

Hapo ndipo siasa ilipoamka. Kwa kuwa kura nchini humo imerudishwa kuwa ya lazima, wabunge walivutana mwaka 2025 kama faini ya kutopiga kura iwahusu na wageni, na kama miaka ya ukaazi iongezwe. Kila upande ulikuwa ukikokotoa Wavenezuela wangempa nani. Haki iliyokaa kimya miaka zaidi ya 30 ikawa mzozo ilipoanza kutumika kweli. Nani awaze kuileta kwetu bila kujiandaa kwa siku hiyo?

Uruguay inatoa haki hiyo pia, lakini baada ya miaka 15, na inadai tabia njema, familia na kazi au mali. Ekuador iliandika miaka 5 katika katiba yake ya 2008. Na Malawi, ambayo inapakana nasi pale Kyela, inasema katika kifungu cha 77 cha katiba yake kwamba asiye raia aliyeishi nchini kwa kawaida miaka 7 ana sifa ya kupiga kura. Sentensi hiyo imo katika katiba ya jirani yetu tangu miaka ya 1990, na kwenye mijadala yetu sijasikia ikitajwa.

Njia ya pili: kura za halmashauri peke yake

Hii ndiyo iliyoenea Ulaya, na ndiyo ninayoipenda, pamoja na kasoro zake.

Ireland ilianza mapema na kimya kimya: tangu 1963 mkazi yeyote anapiga kura za serikali za mitaa, bila sharti la miaka wala uraia, na tangu 1974 anaweza hata kugombea. Matunda yake yalionekana baadaye. Rotimi Adebari aliikimbia Nigeria akafika Ireland mwaka 2000 akiomba hifadhi. Mwaka 2004 wakazi wa Portlaoise walimchagua kuwa diwani, na 2007 akawa meya wa mji huo, meya wa kwanza mweusi nchini. Miaka 7 kutoka kuomba hifadhi hadi umeya, katika mji mdogo wa bara, kwa kura za watu waliokuwa wakimwona kila siku. Hilo ndilo siasa za mtaa zinaweza kufanya: watu wanapima mtu wanayemjua.

Uswidi iliweka miaka 3. Norwei ikafuata kwa miaka mitatu, Finland kwa miwili, Uholanzi kwa mitano kuanzia uchaguzi wa 1986. Denmark ilikuwa na miaka 3 tangu 1981, na hivi karibuni imeongeza hadi 4. Luxembourg, ambako karibu nusu ya wakazi si raia, ilijaribu kuvuka ngazi ya manispaa: mwaka 2015 iliwauliza raia kwa kura ya maoni kama wageni waliokaa miaka 10 wapige kura za bunge. Asilimia 78 walikataa. Serikali haikukata tamaa kwenye ngazi ya chini. Mwaka 2022 iliondoa sharti la miaka 5 kwa kura za manispaa. Raia waliokataa kugawana bunge hawakuona tatizo kugawana halmashauri.

Sasa kasoro. Uswidi ilipoanza, 1976, karibu asilimia 60 ya wageni wenye haki walijitokeza. Miongo miwili baadaye ilikuwa kama theluthi moja, huku raia wakijitokeza zaidi ya asilimia 80. Ubelgiji, iliyopitisha sheria yake 2004, ilipata wachache zaidi tangu mwanzo: mwaka 2006 waliojiandikisha hawakufika hata mmoja kati ya watano wa waliostahili.

Ukiangalia taratibu unaona kwa nini. Uswidi yenyewe inamwandikisha mgeni. Kadi ya kura inakuja nyumbani kwa posta. Mkongo anayeishi Matonge, ule mtaa wa Ixelles jijini Brussels wenye saluni na maduka ya kikwembe, lazima awe na miaka 5 ya ukaazi halali, ajaze fomu ya manispaa, kisha atie saini tamko kwamba ataheshimu katiba na sheria za Ubelgiji pamoja na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Mfaransa au Mreno wa mtaa huohuo hadaiwi tamko hilo. Mtu aliyeishi miaka 5 bila kosa anaambiwa aape kwamba hatavunja sheria, kana kwamba alikuwa anangoja kura ndipo aanze kuzivunja. Mimi ningekuwa yeye, ningejiuliza mara mbili kama wananitaka.

Kuna faida moja ya njia hii ambayo wenzetu wa Ulaya hawaioni kwa kuwa haiwagusi. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na katiba ya Kongo nayo inasema uraia wa Kikongo hauchanganywi na mwingine. Mkenya au Mganda wa Stockholm anaweza kuchukua uraia wa Uswidi na kubaki na wake. Mtanzania akiuchukua, amepoteza wa kwake, na pamoja nao hadhi ya kumiliki ardhi nyumbani kama mwananchi. Kwa hiyo anakaa miaka 20, 25, na kibali cha kudumu mfukoni. Kura ya halmashauri inampa usemi kuhusu shule ya mwanawe bila kumlazimisha kuikana nchi ya wazazi wake. Watanzania na Wakongo ndio wanaofaidika zaidi na mpango huu kuliko karibu kila mtu mwingine wa Afrika Mashariki.

Njia ya tatu: kura kwa undugu wa mataifa

Huku ndiko Uingereza iliko. Haki ya raia wa Jumuiya ya Madola ni mabaki ya dola lililohesabu watu wake wote kuwa wa mfalme mmoja. Mtanzania, Mkenya, Mganda na, tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009, Mnyarwanda, wote wanapiga kura hadi ya bunge, ilimradi wana kibali cha kuwepo nchini. Tangu 2023 kituoni unadaiwa kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, kwa hiyo ile ile uliyotoka nayo nyumbani inatosha. Kama uko Uingereza na hujajiandikisha, fanya hivyo leo.

Umoja wa Ulaya ulifanya undugu wake kwa Mkataba wa Maastricht wa 1992: raia wa nchi mwanachama anapiga kura za manispaa na za Bunge la Ulaya popote anapoishi ndani ya umoja. Hispania ikatumia nipe nikupe. Wageni wa nje ya Ulaya wanaopiga kura za manispaa ni wale tu ambao nchi zao zimeandikiana nayo makubaliano, kama Ekuador, Colombia, Peru, Bolivia, Chile na Cape Verde. Wamoroko, moja ya jamii kubwa kabisa za wahamiaji nchini humo, hawamo.

Wengi wetu tutaikimbilia hii. Inasikika kama haki: wakiwapa wa kwetu, nasi tuwape wa kwao. Mimi naikataa, na sababu yangu ni moja. Nipe nikupe inafanya haki ya mtu itegemee mwenendo wa serikali ya alikotoka. Mrundi aliyekimbia, Mkongo wa Uvira au Fizi aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku, hao ndio hasa ambao serikali zao haziwezi au hazitaki kusaini chochote kwa ajili yao. Unamwadhibu mkimbizi kwa makosa ya dola aliyoikimbia.

Scotland na Wales zimeiona kasoro hiyo. Kwa sheria za 2020 na 2021, kila mgeni mwenye kibali halali, wakimbizi waliotambuliwa wakiwemo, anapiga kura za bunge lao na za halmashauri. Kwa hiyo yule Mkongo wa Leicester akihamia Glasgow, kilomita mia kadhaa kaskazini, anapata kura ya diwani na ya Bunge la Scotland. Ya bunge la London bado hana.

Njia ya nne: kuwa raia kwanza

Wanaopinga njia zote tatu hujibu: mlango upo, ni uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba. Jibu hili lina uzito na linastahili kupimwa vizuri, hasa kwa kuwa nchi zetu zimeshalitumia.

Ujerumani ndiyo iliyolisema kwa lugha ya sheria. Mwaka 1989 majimbo ya Schleswig-Holstein na Hamburg yalipitisha sheria za kuwapa wageni kura za mitaa. Oktoba 1990 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho ikazifuta: mamlaka yanatoka kwa umma, na umma unaosemwa katika katiba ni umma wa Wajerumani. Mahakama hiyohiyo iliongeza kwamba ukitaka wanaotawaliwa na wanaopiga kura walingane, rekebisha sheria ya uraia. Ilichukua muda. Sheria mpya ya uraia ilianza 2000, na ile ya 2024 imepunguza miaka ya kungoja kutoka 8 hadi 5 na kuruhusu uraia pacha. Nchi iliyofunga mlango mmoja inadaiwa kufungua mwingine, na Ujerumani ilihitaji karibu miaka 34 kuufungua sawasawa.

Sasa tuje nyumbani. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka misitu, wakalima, wakalisha na wengine. Mnamo 2008 walipewa kuchagua kurudi au kuomba uraia, na zaidi ya 160,000 wakachagua Tanzania. Maombi yao yalikubaliwa kuanzia 2010, kisha mambo yakakwama, na vyeti vikaanza kugawiwa kwa wingi Oktoba 2014. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa imewapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Kwa hilo Tanzania inastahili heshima yake yote. Lakini hesabu: kutoka 1972 hadi 2014 ni miaka 42. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka wa kufika kwao alikuwa mtu mzima mwenye wana wakubwa alipopata haki ya kumpigia kura mwenyekiti wa kijiji.

Kenya ina Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji, na wengine Tanganyika, enzi za ukoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Uhuru ukaja, wao wakabaki bila utambulisho. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna ajira ya serikali, na kura ndiyo usiitaje. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho, na mwanzoni mwa 2017 wakavipata, wakawahi uchaguzi wa Agosti. Hawa hawakuwa wahamiaji tena kwa maana yoyote ya kawaida. Wengi walizaliwa hapohapo. Njia ya uraia kwanza iliwaacha nje zaidi ya nusu karne kwa sababu hakuna afisa aliyekuwa na wajibu wa kuwaandika.

Na Kongo inaonyesha jambo baya zaidi: uraia uliotolewa unaweza kuporwa. Sheria ya 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikageuza, ikadai asili ya makabila yaliyokuwepo mwaka 1885. Ile ya 2004 ikasogeza kigezo hadi uhuru, 1960. Familia moja, shamba lilelile, na ndani ya miaka 32 imekuwa raia, si raia, kisha raia tena. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanajua gharama ya mchezo huo.

Kwa hiyo nakubali kwamba uraia ndio mwisho wa safari. Nisichokubali ni kwamba mtu akae bila sauti yoyote hadi afike.

Hofu ambayo haipaswi kupuuzwa

Kuna nchi ya Afrika iliyotoa kura kwa wageni ikaangamia kwayo, na wapinzani wana haki ya kuitaja. Ivory Coast ya rais wake wa kwanza, Houphouët-Boigny, iliwaacha wahamiaji wa Afrika Magharibi, wengi wao wafanyakazi wa mashamba ya kakao, wapige kura hadi 1990. Upinzani ulilalamika kwamba rais anajinunulia kura. Baada ya kifo chake sheria ya uchaguzi ya 1994 ikaifuta haki hiyo, siasa za nani Mwivori halisi zikashika moto, Alassane Ouattara akazuiwa kugombea urais, na kufikia 2002 nchi iligawanyika kwa vita.

Mimi nauona mkasa huo hivi: kura ile ilikuwa ya nchi nzima, hadi ya rais, na ilionekana kuwa fadhila ya mkubwa mmoja na chama chake. Fadhila huondoka na mtoaji. Haki ya ngazi ya mtaa, iliyopitishwa na bunge kwa sharti lililo wazi, haimpi yeyote Ikulu, kwa hiyo hakuna wa kuipigania kwa bunduki.

Ninachokichagua

Tanzania ina kitu ambacho nchi nyingi hazina: uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, wenye kanuni zake na daftari lake, tofauti na lile la rais na wabunge. Mwaka 2024 wakazi waliandikishwa kwa siku 10 za Oktoba, papo hapo mtaani, na wakapiga kura Novemba 27. Anayechaguliwa hatungi sera ya ulinzi wa taifa. Anahusika na ulinzi shirikishi, taka, migogoro ya mipaka ya viwanja, na barua ya utambulisho ambayo bila muhuri wake hupati huduma nyingi. Mkenya wa Arusha anachangia mlinzi wa mtaa na gari la taka kama wengine. Jembe alishapewa zamani. Anachokosa ni kuulizwa nani asimamie mchango wake.

Hapo ndipo ningeanzia. Ukaazi halali wa miaka 5, kwa raia wa nchi yoyote. Nimechagua 5 kwa sababu Kenya na Tanzania zote zinadai angalau miaka 7 kwa uraia, na kura ya mtaa iliyo nyuma ya uraia haina kazi. Kugombea kungoje awamu ya pili, ingawa mfano wa Portlaoise unanivuta. Kuandikisha liwe jukumu la mtendaji wa mtaa, ambaye tayari anatakiwa kuwajua wakazi wake, na kibali cha ukaazi kiwe ndiyo karatasi pekee inayodaiwa. Hakuna tamko, hakuna barua ya ubalozi, hakuna nipe nikupe.

Kenya itapata shida zaidi, kwa kuwa ngazi yake ya chini kabisa ya kuchaguliwa ni mjumbe wa bunge la kaunti, naye anachaguliwa siku moja na rais kwa daftari moja. Huko itahitaji marekebisho ya katiba, na sidhani yatakuja upesi. Bunge la Afrika Mashariki nalo haliwezi kutusaidia kama Bunge la Ulaya lilivyowasaidia wenzetu, maana wabunge wake 9 kwa kila nchi wanachaguliwa na mabunge ya kitaifa, si na wananchi.

Mpango wangu una pengo, na nalitaja ili asije mtu akadhani nimelisahau. Aliyeko kambini Nyarugusu au Kakuma hana mtaa. Anaishi chini ya uongozi wa kambi, na wengine wameishi hivyo tangu miaka ya 1990. Kura ya mtaa haitamfikia mpaka aruhusiwe kutoka kambini na kuishi kama mkazi. Kwake yeye njia ya Ulyankulu bado ndiyo iliyo karibu zaidi, na haipaswi kuchukua tena miaka 42.